Santuri Ndefu na Mkanda wa Tyubu ya Lori

Marahaba, wajukuu zangu, marahaba. Kaeni. Wewe mrefu, vuta hilo stuli. Mguu wake mmoja ni mfupi lakini halijamwangusha mtu mwenye adabu. Na hizo simu zitieni mifukoni kwanza. Nawaona mnavyofanya. Mnasikiliza wimbo robo, mnausukuma kwa kidole, mnachukua mwingine, huo nao robo. Halafu mnasema mnapenda muziki! Mtu anayeonja kila chungu jikoni hajala bado.

Mmeniuliza nilifanya kazi gani maisha yangu yote. Nilikuwa fundi wa redio na gramafoni, hapa hapa Gongoni, Tabora, tangu nilipotoka kijijini kwetu Lusu na shati moja, mpaka macho yaliponiambia basi. Watu wa mjini waliniita Shabani Mkanda. Jina hilo sikupewa bure, na leo nitawaambia lilikotoka, maana ndani yake kuna kazi na kuna mtu.

Tuanze na kazi. Gramafoni ina mota ndogo pembeni na sahani katikati, ile inayobeba santuri. Kinachoziunganisha ni mkanda wa mpira. Ukikatika huo, mashine yako ni sanduku la kuwekea nguo. Siku zile za Ujamaa mikanda ya kiwandani ilikuwa haionekani. Unauliza Dar es Salaam, unaambiwa meli bado. Unauliza tena mwaka wa pili, meli bado; nikawa najiuliza meli gani hiyo, inavutwa na kobe? Basi tukakata mikanda yetu wenyewe kwenye tyubu za malori yaliyokuwa yakibeba tumbaku.

Sikilizeni namna ya kukata, hata kama hamtaihitaji. Unachagua kipande cha tyubu kisicho na kiraka. Unakivika kwenye gogo la mviringo lililopigwa msasa. Unakipaka poda, ile ile ya kujipaka mwilini, ili mpira usiushike wembe. Wembe unaufunga kwenye ubao, hautembei. Kinachozunguka ni gogo, polepole, kwa mkono mmoja usio na wasiwasi. Wanaozungusha wembe mtawajua kwa makovu. Mkanda ukiwa mnene huku na mwembamba kule, santuri inayumba kama mtu aliyetoka kwenye pombe ya harusi.

“Mpira una hasira,” alikuwa akiniambia mwalimu wangu. “Ukiulazimisha leo, utakulipizia kwa mteja.”

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Nasoro. Babu zake walitoka Omani, wakaja na misafara ya biashara mpaka Tabora, wakaoa, wakabaki. Yeye biashara hakuiweza kabisa. Alikuwa mtu wa saa. Saa za ukutani, za mkononi, za mfukoni zenye mnyororo. Gramafoni na redio zilikuja baadaye, lakini moyoni alibaki fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa karakana yetu, na kuta zake zilijaa saa zikigonga kwa pamoja. Ole wake itakayochelewa! Aliishusha, akaitazama kama mtoto aliyeiba sukari.

Kati ya karakana na ndani ya nyumba palikuwa na mlango wenye pazia la kijani. Nyuma ya pazia alikaa bintiye, Zuwena, mtoto wake wa pekee, aliyefiwa na mama angali mdogo. Zuwena alikuwa mshonaji. Kutwa nzima tulisikia cherehani yake, ta-ta-ta-ta, na sisi huku tunalehemu. Njiani nilimwona, alikuwa akipita na buibui lake, tunasalimiana, basi. Lakini pale kazini utaratibu wa nyumba ulikuwa kwamba hatuzungumzi moja kwa moja. Akitaka kuniambia jambo alimwambia babaye, na babaye aniambie mimi, nami niko hatua mbili kutoka pazia!

“Baba, mwambie fundi poda hii hapa.”

“Nimesikia, Mzee,” nasema mimi.

“Hujasikia,” anasema Mzee Nasoro bila kuinua macho kwenye saa yake. “Sijakwambia bado. Shabani, poda hiyo hapo.”

Na kopo linapita chini ya pazia, likisukumwa na vidole vyenye hina. Poda ilikuwa adimu kama mikanda, ila yeye alikuwa akiletewa na ndugu zao wa Maskati, poda ya waridi. Kwa hiyo mikanda yote ya gramafoni ya Tabora siku zile ilinukia waridi. Wateja walidhani ni ufundi wetu.

Sasa santuri yenyewe. Siku moja alikuja Mzungu aliyekuwa akichimba visima upande wa Nzega. Mkataba wake umekwisha, kesho yake anapanda treni. Ameshika gramafoni ya mtindo wa sanduku, mkanda umekatika, na santuri moja ndani ya jalada lake. Akasema kwa Kiswahili chake cha visimani, “Tengeneza, tumia nyinyi. Mimi nakwenda na nguo tu.” Akanywa chai ya Bi Tatu, jirani yetu, akaenda zake. Tukakata mkanda wa tyubu, tukauvisha, tukaiweka santuri. Kwa hiyo zingatieni: hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia kabla ya mkanda wetu.

Ilikuwa santuri ya vinanda. Hakuna gitaa la kutajika. Mtu mmoja amezungukwa na vinanda vyake, kimoja kinalia kama cha kanisani, kimoja kinadondoka kama mvua ya kwanza kwenye bati, kingine kinajifanya fidla nyingi kumbe si fidla. Nyuma yake ngoma na besi. Na wimbo ni mmoja tu, upande mzima! Ukigeuza, upande wa pili nao wimbo mmoja. Waimbaji wanakuja karibu na mwisho, wanasema maneno machache, wanaondoka. Jina la santuri lilikuwa refu nalo, likatushinda. Sisi tuliiita Ile Ndefu.

Barazani kwetu kila mtu alikuwa na neno lake. Bi Tatu, aliyekuwa akikaanga vitumbua mkabala nasi, alisikiliza siku ya kwanza akiwa na mwiko mkononi, mafuta yanaungua.

“Mbona hawaimbi?” akauliza. “Wamenuniana?”

“Ni muziki wa vinanda, Bi Tatu.”

“Wamenuniana hao. Huyo wa kinanda kawakera wenzake, hataki kumwachia mtu nafasi. Kama shemeji yangu.”

Wa pili ni Bwana Yohana, gadi wa treni, yule anayeipungia bendera iondoke, tena balozi wetu wa nyumba kumi. Siku zile miziki ya nje ilikuwa ikitazamwa kwa jicho la pembeni, na mtu mmoja alikwenda kumnong'oneza kwamba kwa Mzee Nasoro kunapigwa nyimbo za kibeberu. Akaja na kofia yake kuchunguza. Tukampa kiti, tukaweka upande wa kwanza. Alianza kwa kukunja uso. Kinanda cha kanisani kilipoingia, uso ukakunjuka. Ngoma zilipoingia, mguu ukaanza. Katikati ya upande akasinzia, na mwisho akaamka akatangaza hukumu: “Wimbo usio na maneno hauwezi kupinga chama. Endeleeni.” Tangu siku hiyo alikuwa haendi zamu bila kupitia kwetu. Akawa anatufafanulia: hapa treni ya mizigo inatoka stesheni, hapa inapanda, hapa inasubiri njia. Ukimwambia mpigaji huenda hajawahi kuiona reli ya Kigoma, anakasirika.

Mzee Nasoro naye mwanzoni aliiponda. “Huu si muziki, ni saa iliyofunguliwa ikamwagika mezani.” Lakini kazi ikamfanya aiheshimu, maana Ile Ndefu ndiyo iliyokuwa kipimo chetu. Mwanzo wa upande wa pili kuna sauti moja ya kinanda imeshikwa, imeshikwa, imeshikwa, hakuna kitu kingine chochote. Vijana, sauti ya namna hiyo haina pa kujificha. Mkanda ukiwa na kasoro ndogo tu, sauti inatetemeka. Kwenye nyimbo za dansi huisikii, magitaa yanaifunika. Kwa hiyo kila gramafoni iliyotengenezwa kwetu ilipigiwa Ile Ndefu, na sauti ikisimama wima tunamwita mteja. Katibu wa ushirika wa tumbaku kutoka Isikizya, tulipomrudishia mashine yake, alikataa kuondoka mpaka upande uishe.

Lakini msikilizaji kuliko wote alikuwa nyuma ya pazia. Siku za mwanzo cherehani iliendelea tu, ta-ta-ta-ta, nikajua hajali. Kisha siku moja, upande wa pili, baada ya ile sauti ndefu, kuna mahali kinanda kinashuka taratibu kwa vidole vichache. Cherehani ikanyamaza. Nikadhani uzi umekatika. Pale kinanda kilipomaliza, cherehani ikaendelea. Kesho yake nikaipiga tena, na mahali pale pale cherehani ikanyamaza. Basi mimi nikaacha kulehemu, nikashika chuma cha moto hewani kama mjinga.

Siku ya tatu akasema, “Baba, mwambie fundi arudie pale maji yanapoingia mtungini.”

Lo! Tangu hapo sijawahi kupasikia vingine. Kweli ilikuwa sauti ya maji yakijaza mtungi. Mwanzo nzito, kisha inapanda kadiri mtungi unavyojaa. Mzee Nasoro akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilirudia miaka, wanangu.

Akawa anatoa maoni, na maoni yake yalikuwa na ncha. “Baba, mwambie fundi upande wa kwanza huyo mtu anajisifu. Anatuonyesha ana vidole kumi, nani hana? Upande wa pili ndipo anapotuambia kilichompata.” Siku nyingine: “Mwambie fundi waimbaji waliitwa wa nini? Kashasema yote.” Mimi najibu, Mzee Nasoro ananiambia bado sijasikia, ananirudia neno kwa neno, nami najibu tena. Mteja akiwepo anatutazama kama vichaa. Lakini ndivyo tulivyojuana. Sikumsifia macho wala mwendo. Nilimpigia santuri, naye akaniambia alichosikia. Nilimpenda, nasema wazi, nimezeeka sasa, nitamwonea nani haya?

Kisha akaja Ayubu. Alikuwa mpiga kinanda wa bendi moja ya dansi, ameleta kinanda chao kidogo cha umeme, vitufe viwili vimekufa. Nikavifufua. Alipokuwa akikijaribu, akasikia Ile Ndefu inapigwa, akataka kufuatisha. Akapiga, akakunja uso. Akapiga tena. Mara akacheka.

“Mzee wangu,” akamwambia Mzee Nasoro, “ama kinanda changu kimepanda, ama santuri yenu imeshuka. Na kinanda changu hakijapanda. Mashine yenu inachelewa.”

Jamani! Kumwambia fundi saa kwamba kitu chake kinachelewa, afadhali umwambie kanzu yake imechanika nyuma, na yuko safu ya mbele msikitini. Mzee Nasoro alishusha saa yake bora ukutani, akabandika kipande cha karatasi kwenye sahani, akawa anahesabu mizunguko midomo inamcheza. Kweli, ilichelewa. Si sana, ni kiasi cha sikio la mpiga kinanda. Tyubu ya lori ni nzito, inaivuta mota, mota ndogo inajikokota. Na kwa kuwa mikanda yote ilikuwa yetu, mji mzima ulikuwa unachelewa pamoja! Waimbaji wa Dar es Salaam wakifika kwetu kwenye santuri walikuwa na sauti nzito za wajomba zao. Tulizoea kusema ni tumbaku.

Mzee Nasoro alikata mkanda mpya siku hiyo hiyo, mwembamba kama tambi, mpaka hesabu ikakubaliana na saa. Alasiri tukaita baraza. Akaiweka Ile Ndefu mwenyewe.

Ikaenda. Vinanda vikapanda, ngoma zikawa zinarukaruka. Watu wakatazamana.

“Nani anamfukuza?” akauliza Bi Tatu.

Bwana Yohana alisikiliza mpaka pale treni yake inaposubiri njia, akasimama. “Haikusubiri,” akasema. “Imepita hivi hivi. Hii si treni ya mizigo tena, na mimi siijui ni treni gani.” Akavaa kofia akaenda zake, ameudhika kabisa.

Ayubu akawaeleza kwamba huo ndio mwendo wenyewe, ndivyo mpigaji alivyopiga. Bi Tatu akamwambia kama ndivyo alivyopiga basi alikosea, akaanze upya.

Ikafika ile ya maji. Cherehani ilikwisha kunyamaza tangu mwanzo. Maji yakajaa mtungi haraka haraka, kama mtoto anayetaka kurudi mchezoni. Kisha nyuma ya pazia sauti yake, ndogo.

“Baba, turudishieni mkanda wetu.”

Mzee Nasoro alikaa ameshika ule mkanda mwembamba, kazi yake safi. Alitazama saa zake ukutani zote zinakwenda sawasawa. Alitazama pazia. Akanitazama mimi, akakaa ananitazama, nami nikainamisha kichwa, maana nilijua amelisikia lile neno “wetu” kama nilivyolisikia mimi.

“Santuri si saa,” akasema mwisho. “Shabani, rudisha mkanda wa lori.”

Mwezi ule nilituma watu Lusu kumwambia mama yangu nimepata mchumba. Mayu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuja na furushi la karanga, amevaa kanga mpya. Baba yake mama yangu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kichwani kutoka huku mpaka pwani, na Mayu alikulia kwenye habari hizo. Nikampigia Ile Ndefu. Alisikiliza upande wa pili wote amefumba macho.

“Huyu amebeba kitu,” akasema. “Sikia anavyoweka mguu. Mtu asiye na mzigo hatembei hivi.”

Kisha akainuka, akapita pazia, yeye ambaye njia ile haikumkataza. Walikaa huko. Nilisikia wanacheka. Aliporudi aliniambia kwa Kinyamwezi, ili Mzee Nasoro asiambiwe mbele ya wakati, kwamba huyo ndiye.

Wazee wangu wakaenda kuposa. Lakini wakati huo Omani ilikuwa imewafungulia milango watu wake wa ng'ambo, na ndugu za Mzee Nasoro walikuwa wakimwita: njoo, kuna kazi, kuna hospitali, huko vipuri hakuna na macho yako yanafifia. Alikuwa amekwisha kuwaitikia. Aliniita mimi peke yangu karakanani, akafunga mlango wa barabarani, na hilo hakuwahi kulifanya mchana.

“Binti yangu nisingemnyima mkono kama wako,” akasema. “Lakini ni mmoja. Siwezi kwenda kufa ng'ambo nimemwacha huku. Twende wote, Shabani. Kule saa ni nyingi.”

Wallahi nilitaka. Nilitaka mpaka mwili ukaniuma. Lakini mwaka ule kwetu Lusu watu walikuwa wakihamishiwa kijiji kipya, nyumba ya Mayu imevunjwa, anasubiri mtu wa kumjengea, na mtu huyo nilikuwa mimi, mtoto wake wa pekee. Nikamwambia hivyo. Mzee Nasoro akatikisa kichwa taratibu. Hatukugombana. Mngeweza kumlaumu nani? Ingekuwa rahisi zaidi kama angekuwepo mtu mbaya. Zuwena naye aliulizwa. Alisema hawezi kumwacha baba yake, na asingetaka mume aliyemwacha mama yake.

Siku ya treni nilibeba mabegi yao mpaka stesheni. Karakana na mashine ya Mzungu vilibaki kwangu. Ile Ndefu nilimpa Zuwena, imefungwa kwenye kitambaa. Bwana Yohana ndiye aliyekuwa gadi siku hiyo, na treni iliondoka ikiwa imechelewa kidogo, sijui kwa nini, nami sikumuuliza. Tulisimama pale watatu. Kisha Zuwena akaanza, “Baba, mwambie fundi...”

“Mwambie mwenyewe,” akasema Mzee Nasoro, akageuka kutazama mizigo.

Akaniinulia uso. Mara ya kwanza kuniambia neno zaidi ya salamu, bila pazia, bila mtu katikati.

“Fundi, kopo la poda nimekuachia dirishani. Usipake mikanda ya watu.”

“Nimesikia,” nikasema.

Na safari hiyo hakuna aliyeniambia sijasikia.

Baadaye nilioa. Bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwema, tuliheshimiana, tukazaa baba zenu. Alifuta vumbi kwenye kopo lile kila wiki na hakuniuliza. Mikanda ya watu niliipaka majivu yaliyochekechwa. Yanafaa, ila yanakausha mpira upesi, kumbukeni hilo. Redio zikabadilika, kanda zikaja, wateja wa gramafoni wakapungua. Jioni nilipofunga mlango nilikuwa naitafuta ile ya maji kichwani, na siku nyingine naipata, na siku nyingine napata mlio wa cherehani tu.

Miaka ikapita. Siku moja akaingia Masudi, mfanyabiashara wa hapa hapa Gongoni, katoka Maskati kuwaona jamaa zake na atarudi tena.

“Shabani, nina ujumbe wako. Zuwena binti Nasoro kasema nikwambie...”

“Nimesikia,” nikasema. Lilinitoka tu.

“Umesikia nini, bwana? Sijakwambia bado!”

Nikashika meza. Akaendelea. Mzee Nasoro amefariki. Zuwena ameolewa, ana watoto. Ametafuta sokoni mashine ya mtindo ule wa sanduku mpaka ameipata, mpya, mkanda wa kiwandani. Lakini santuri inakimbia. Anaomba fundi amkatie mkanda.

Nilitafuta tyubu siku nzima. Nikashusha mashine ya Mzungu juu ya kabati, nikaipangusa. Nikafungua kopo la dirishani. Poda ilikuwa imebaki chini chini, imeshikana, lakini waridi lilikuwepo. Nikakata polepole, kama nilivyofundishwa. Nikavisha, nikawasha, sahani ikazunguka.

Halafu nikakumbuka sina santuri. Nitaupimaje?

Nikatoka nje nikamwita Bi Tatu. Bwana Yohana alikuwa amestaafu, nikamtumia mtu, akaja na fimbo yake. Nikawaeleza. Nilidhani watanicheka. Wakavuta viti, wakakaa mbele ya sahani tupu inazunguka, haina kitu juu yake, kama walivyokuwa wakikaa zamani. Tukawa tunaitazama. Tunaisikiliza.

“Bado anakimbia,” akasema Bi Tatu. “Ongeza unene.”

Nikakata mwingine. Yohana akafumba macho, akapigapiga fimbo sakafuni, akiihesabu treni yake. Ilipofika pale pa kusubiri njia akainua mkono, tukasubiri wote watatu. “Imesubiri,” akasema. “Hii ndiyo.”

“Nyamazeni,” akasema Bi Tatu. “Sasa ni ile ya Zuwena.”

Tukanyamaza. Sahani ikazunguka, na mimi nikayasikia maji yakiingia mtungini kuanzia chini mpaka juu. Nikaugeukia ule mlango wa ndani. Pazia lilikuwa limekwisha ondolewa zamani.

Nilikata miwili ya aina ile, mmoja ukikatika awe na mwingine, nikamaliza poda yote juu yake. Nikaifunga kwenye karatasi, nikampa Masudi.

Alikaa sana huko. Aliporudi alikuja moja kwa moja karakanani, hata mizigo hajafungua.

“Mikanda imefika,” akasema. “Santuri inakwenda. Mumewe anasema mashine imeharibika, yeye anasema ndiyo mwendo wake. Lakini Shabani, hebu nifahamishe jambo. Nilipompa ile karatasi, aliifungua, akatoa mkanda mmoja, hakuutazama. Aliuweka puani. Akakaa nao hivyo, machozi yanamtoka mbele ya wanawe. Sasa niambie wewe uliye fundi, tyubu ya lori ina harufu gani hata mtu alie?”

Nikainama nikatafuta bisibisi ambayo haikuwa imepotea.

“Harufu ya mpira tu, bwana,” nikamwambia. “Mpira wa lori.”